Saa ya dharura haikuita mtu: tafuta kasoro kuanzia kwa anayepokea

Mama yangu ana miaka 68 na anaishi Bombo, wilaya ya Luweero, Uganda. Mvua za Aprili zilipoanza, aliteleza kwenye sakafu ya bomba uani akaanguka kwa ubavu. Saa aliyonunuliwa na kaka yangu ilifanya yote iliyopaswa kufanya: ilitetema, ikapiga kelele, ikahesabu, ikasema inatuma ujumbe. Mimi nilikuwa Kampala, simu ipo mkononi, na hakuna kilichoingia. Aliyemkuta ni mtoto wa jirani aliyekuja kuchota maji, na wakati huo Mama alikuwa amelala kwenye tope nusu saa nzima. Alipona, alhamdulillahi, ila mkono ulikaa kwenye plasta wiki sita.

Jioni ile niliishika simu yake nikaukuta ule ujumbe umekwama, alama nyekundu pembeni. Bando la intaneti lilikuwepo, gigabaiti tatu. Salio la kawaida lilikuwa sifuri. Bando la intaneti halilipii SMS, na saa yake hutuma SMS.

Nina kibanda cha kutengeneza simu Wandegeya, na kila wiki naletewa saa janja mbili tatu, nyingi zikiwa zawadi za watoto walio nje ya nchi kwa wazazi waliobaki nyumbani. Mwenye saa akifika husema saa haifanyi kazi. Mara nyingi saa haina kosa. Mkono huiamsha saa, saa huikabidhi simu, simu huikabidhi laini, laini humfikia mtu, na mtu huyo ndiye anayenyanyuka kwenda. Ukianza na saa utashinda kwenye menyu hadi jioni. Kwa hiyo siku hizi naanza kule mwisho, kwa mtu, narudi nyuma hatua kwa hatua hadi mkononi. Nawe fuata njia hiyo, na ukipata kasoro moja usisimame hapo. Kwa Mama nilizikuta nne.

Kwanza, namna ya kujaribu

Usijaribu kwa kuwapigia polisi. Hapa Uganda 999 na 112 huingia kwa polisi, na simu yako ya majaribio inashika laini ambayo mtu mwingine anaihitaji dakika hiyo hiyo.

Kwenye saa za Samsung Galaxy, ingia katika programu ya Galaxy Wearable, sehemu ya usalama na dharura, uweke ndugu badala ya namba ya dharura kuwa ndiye wa kupigiwa. Mwambie ndugu huyo kwamba ni majaribio, kisha bonyeza kitufe cha juu haraka haraka, mara tano kwa saa za sasa, mara tatu kwa zile za zamani. Jaribio hili hupitia njia yote mpaka mwisho.

Apple Watch haikupi nafasi hiyo, kwa sababu yenyewe hupiga huduma za dharura kwanza, na ujumbe kwa ndugu hufuata simu ikishakatwa. Bonyeza kile kitufe kirefu cha ubavuni, si kile cha kuzungusha, ukishikilie mpaka vitelezi, vile vitufe vya kutelezesha kwenye kioo, vitokee na hesabu ianze, halafu achia na ufute. Hapo umejua kitufe kinaitika. Sehemu iliyobaki ipime kwa mkono: kwa kutumia simu ya mzazi, andika SMS ya kawaida kwa kila mtu uliyemweka kwenye orodha, kisha mpigie kila mmoja. Ni kazi ya dakika kumi. Ningeifanya mwaka ule, Mama asingelala kwenye tope.

Ujumbe umefika, ila hakuna aliyekuja

Hii ndiyo dalili inayoniuma kuliko zote, maana mashine zote zimefanya kazi na mtu bado yuko chini.

Tazama majina yaliyowekwa. Mara nyingi la kwanza ni la yule aliyenunua saa, naye yuko Dubai au London. Atapata ujumbe saa nane za usiku, atashtuka, ataanza kutafuta namba ya mtu wa Bombo wakati Mama yuko sakafuni. Na SMS ya kwenda nje ya nchi hula salio zaidi. Jina la kwanza liwe la mtu anayeweza kufika kwa miguu au kwa boda ndani ya robo saa: jirani, mpangaji wa nyumba ya pili, kijana wa duka, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ikiwa ni mtu wa kupokea simu. Mtoto wa mbali awe wa tatu au wa nne. Najua hili huwakera walionunua saa, lakini nimeshaligombania na kaka yangu na sitalirudisha.

Kisha muulize huyo wa karibu anatumia simu gani. Ujumbe wa dharura hubeba kiungo cha ramani. Mwenye kitochi ataona mstari mrefu wa herufi na namba usiofunguka. Si lazima umwondoe kwenye orodha, maana kitochi hukaa na chaji siku nne na mwenyewe huwa hakiachi nyumbani. Ila awepo na mwingine mwenye simu ya kufungua ramani, na huyo wa kitochi aelezwe mapema kwamba akiona ujumbe wenye maneno ya dharura kutoka kwa Mama, asihangaike na kiungo, aende nyumbani moja kwa moja, kisha kwenye bomba, kisha shambani.

Tatizo jingine ni kwamba siku hizi hakuna anayesoma SMS. Kisanduku kimejaa matangazo ya bahati nasibu na mikopo, watu wamehamia WhatsApp. Ujumbe wa dharura ukiingia humo unalala pamoja na matangazo. Kwenye simu ya mpokeaji, mpe Mama mlio wake peke yake, mkali, wa simu na wa ujumbe. Kwenye iPhone, ndani ya ukurasa wa jina lake, sehemu ya kuchagua mlio, kuna swichi iitwayo "Emergency Bypass". Ukiiwasha, mlio wake hutoka hata simu ikiwa imenyamazishwa. Iwashe mara mbili, kwa simu na kwa ujumbe, kwani ziko mbali mbali. Kwenye Android, mtie kwenye majina yenye nyota, kisha kwenye mipangilio ya kutosumbuliwa ruhusu wenye nyota wapenye.

Mwisho, hakiki kwamba namba bado ni ya mtu huyo. Laini iliyokaa bila kutumika hufungwa na namba yake huuzwa upya. Niliwahi kupiga namba ya "Mjomba" iliyokuwa kwenye saa ya mzee mmoja, akapokea binti wa Mbarara ambaye hamjui mjomba yeyote.

Ujumbe umekwama kwenye simu

Hapa ndipo palipotuangusha sisi. Simu ina bando, WhatsApp inapita, kila mtu anaamini laini iko hai. SMS na simu ya kawaida zinataka salio la kawaida au kifurushi chake. Namba ya polisi ni bure, ndugu si bure.

Ukiongeza vocha na bado ujumbe haupiti, uliza kama kuna deni. Mtu akikopa salio kwa mtandao wake, vocha inayofuata hulipa deni kwanza. Mama alikuwa amekopa shilingi elfu mbili ili ampigie shangazi, mimi nikamtumia elfu mbili, zikaliwa zote, na wote wawili tukaamini amejaza. Sasa kila tarehe mosi namwekea salio, kisha nampigia nimwombe anisomee kiasi kilichobaki. Sitosheki na ujumbe wa kuthibitisha kwamba nimetuma.

Simu zetu nyingi zina laini mbili, moja ya MTN na moja ya Airtel, na hapo huzuka kasoro iliyojificha. Mzazi anaongeza salio kwenye laini anayoijua, kumbe simu imepangwa kutuma SMS kwa ile nyingine. Au imepangwa iulize kila mara itumie ipi. Katika hali ya kawaida swali hilo halina madhara, lakini mtu aliyeanguka hawezi kujibu dirisha linalouliza laini ya kwanza au ya pili. Fungua mipangilio ya laini, chagua moja kwa SMS na hiyo hiyo kwa simu, ondoa kuuliza, na salio liwekwe kwenye hiyo tu.

Wanaoishi au kufanya biashara Busia na Malaba, mpakani na Kenya, wasikilize hapa. Namba zikihifadhiwa kwa kuanza na 07, zinafanya kazi vizuri maadamu simu imeshika mtandao wa Uganda. Ukivuka, au hata kabla hujavuka, simu ikinasa mnara wa upande wa pili, 07 inageuka namba ya Kenya, kwa kuwa na wao wanaanza hivyo hivyo. Ujumbe wa dharura wa mama wa Busia unaweza kumfikia mtu wa Kisumu. Hifadhi kila namba kwa +256 ukiacha ile sifuri ya mwanzo. Fanya hivyo hata kama mzazi hajawahi kutoka Luweero, haikugharimu kitu.

Wenye saa za Garmin, hasa wakimbiaji na waendesha baiskeli, kwenu ni kinyume. Garmin haipigi polisi. Hutuma jina na mahali ulipo kwa watu uliowaandika kwenye programu ya Garmin Connect, na hupitia intaneti ya simu. Kwenu bando ndilo uhai. Tena utambuzi wake wa ajali hufanya kazi wakati umeanzisha zoezi kama kukimbia, kutembea au baiskeli, haikulindi ukiwa jikoni.

Saa inasema haijaunganishwa

Saa nyingi zinazofika hapa ni za Bluetooth na GPS tu. Hazina laini yake ndani, haziwezi kupiga wala kutuma bila simu kuwa karibu. GPS huijulisha saa mahali ilipo, haiipi njia ya kumwambia mtu. Wateja wengi wameuziwa kwa kuambiwa "ina GPS" wakaelewa kwamba inajitegemea.

Karibu maana yake ni kama mita kumi, na ukuta wa tofali huzipunguza. Simu ya Mama ilikuwa inachajiwa chumbani, naye alikuwa akishinda kwenye mihogo nyuma ya nyumba. Kwenye Apple Watch utaona alama nyekundu ya simu juu ya kioo. Iangalie mzazi akiwa mahali anapokaa kweli, usiiangalie akiwa sebuleni na wewe. Nilimshonea Mama mfuko wa kitambaa wenye kamba, simu inaning'inia kifuani chini ya leso. Ameuzoea kuliko nilivyotarajia.

Ikiwa simu iko mfukoni na saa bado inakatika, hasa baada ya simu kukaa kimya saa kadhaa, shuku uokoaji wa chaji. Simu nyingi za Android tunazonunua hapa, Tecno na Infinix zikiwemo, huzima programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili betri idumu. Programu ya saa huwa ya kwanza kuuawa. Ingia kwenye mipangilio ya betri, itafute programu ya saa, iondolee kizuizi, na kama kuna ruhusa ya kujiwasha yenyewe, iwashe. Halafu fungua orodha ya programu zilizo wazi uifungie kwa alama ya kufuli ili mtu akifuta zote isiende nayo. Wajukuu hupenda kufuta zote.

Na kama mmepanga kununua, jueni mapema: Apple Watch inataka iPhone. Galaxy Watch4 na zilizofuata zinataka Android, hazikubali iPhone. Nimewaona watu wakitumiwa saa ya laki kadhaa isiyoweza kuoana na simu iliyopo nyumbani.

Mahali panapoonyeshwa si penyewe

Fungua ruhusa ya mahali kwa programu ya saa: iwe ya wakati wote, na iwe sahihi, isiwe ya kukadiria. Ikiwa imeruhusiwa wakati programu iko wazi tu, ujumbe utabeba mahali pa zamani au hautabeba kitu. Chini ya bati na kati ya kuta nene GPS hupungua nguvu, alama ikatua nyumba ya tatu au barabarani. Hapo hakuna mpangilio wa kurekebisha.

Kinachosaidia ni maneno. Kwetu nyumba hazina namba, na Apple Watch ikimkuta mtu hajibu humsomea askari wa zamu latitudo na longitudo. Mtu wa boda hazijui. Kwenye ukurasa wa taarifa za afya, ule wa programu ya Health kwenye iPhone au wa taarifa za dharura kwenye Android, pana nafasi ya maelezo. Andika kama unavyomwelekeza mgeni: jina la kijiji, msikiti ulio karibu, steji, geti la rangi gani, nani aulizwe. Hapo hapo andika magonjwa na dawa: presha, kisukari, seli mundu, mzio wa penisilini, kundi la damu kama limepimwa. Washa swichi inayouonyesha ukurasa huo hata simu ikiwa imefungwa, la sivyo hakuna muuguzi atakayeuona. Nchini kwetu hospitali huandika kwa Kiingereza, kwa hiyo majina ya dawa yaandike kama yalivyo kwenye boksi.

Kuhusu lugha ya simu yenyewe, wazee wengi huogopa kwamba askari atawajibu Kiingereza. Waambie waongee Kiswahili. Ni lugha ya kazi ya polisi na jeshi letu tangu enzi za ukoloni, kabla hata Baraza la Mawaziri halijaidhinisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi. Na namba ya Wizara ya Afya ya gari la wagonjwa, 912, ihifadhini kwenye simu ya jirani, kwa sababu saa haitaipiga yenyewe.

Alianguka, saa ikanyamaza

Kwenye Apple Watch utambuzi wa kuanguka ulianza na Series 4, na upo pia kwenye SE. Hujiwasha kwa mtu ambaye umri wake umeandikwa kuwa miaka 55 na zaidi, na haupatikani kwa walio chini ya 18. Sasa fikiria saa iliyowashwa na kijana dukani au na kaka kabla ya kuipandisha ndege, akaandika tarehe yake ya kuzaliwa ili amalize haraka. Saa inaamini mvaaji ana miaka 30, utambuzi umezimwa au umewekwa wakati wa mazoezi tu. Ya Mama ilikuwa na umri wa kaka, ingawa siku ile kwa bahati iliita. Sahihisha tarehe, kisha ingia "Emergency SOS" kwenye programu ya Watch uhakikishe utambuzi uko wazi wakati wote. Samsung nayo ina chaguo la namna hiyo, la wakati wote au wakati wa mazoezi, na utambuzi wake hauwaki mpaka uuwashe mwenyewe.

Kasoro ya pili ni kuzimwa kwa kihisio cha mkono, kile kinachoijulisha saa kwamba imevaliwa; swichi yake iko kwenye sehemu ya namba ya siri. Mzee akichoka kuandika namba ya siri, kuna mtu humsaidia kwa kuizima swichi hii. Ikizimwa, Apple Watch haitampigia mtu yenyewe hata ikigundua ameanguka. Iwashe tena, uchague namba ya siri rahisi ambayo atakumbuka. Akishaiandika asubuhi, haiulizwi tena mpaka aivue.

Mkanda nao. Saa ikicheza kama bangili, haiamini kwamba iko mkononi. Kidole kimoja kipite kwa shida chini yake.

Baada ya hayo yote, semeni ukweli na mzazi: saa husikia kishindo. Mtu aliyeteleza akapiga chini kwa nguvu, itamwona. Mtu aliyezimia akateremka taratibu ukutani, au aliyeporomoka kutoka kitini juu ya zulia, inaweza isimwone kabisa. Pia Apple Watch husubiri kama dakika moja ione hujasogea, ndipo huanza kuhesabu sekunde 30 kabla ya kupiga. Ukigaagaa, inadhani umeinuka. Kwa sababu hiyo kitufe ndicho cha kufundishwa kwanza. Nilimfanyisha Mama zoezi akiwa amelala sakafuni, macho amefumba, akitafuta kitufe kwa kidole cha mkono wa pili. Mara ya kwanza alibonyeza kile cha kuzungusha. Mara ya sita alikipata bila kufikiri.

Ikiwa menyu ya kuanguka haipo popote, huenda mkononi una saa ya kuiga. Zipo nyingi mjini, zinafanana na Apple Watch mpaka boksi. Apple Watch halisi huunganishwa kwa programu ya Watch iliyo ndani ya iPhone. Ukiambiwa upakue programu nyingine yoyote, si yenyewe. Nyingi ya hizo zina picha ya SOS inayopiga namba moja kupitia simu tu, bila kutuma mahali. Inafaa kitu, ila usimwachie mzazi ukidhani analindwa.

Inalia bila sababu

Kutwanga karanga kwenye kinu. Kulima kwa jembe. Kupiga makofi harusini. Kadiri mikono inavyofanya kazi za kishindo, ndivyo saa inavyodhani umeanguka, na mama zetu mikono yao haikai. Msizime utambuzi. Mfundisheni kubonyeza kwamba yuko salama, na siku za kinu ahamishie saa mkono usioshika mchi. Ikiwa kinachowaka ni SOS ya kitufe, kwa mfano akilalia mkono au mkono wa gauni ukibana, zimeni kupiga kwa kushikilia kitufe. Vitelezi vitaendelea kutokea, ila itabidi atelezeshe kwa kidole.

Saa ya mtoto

Zile saa ndogo zenye laini ndani zina shida zake. Laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa cha mzazi, isiwe na namba ya siri ya SIM, na iwe na salio pamoja na bando, kwa kuwa hupiga kwa salio na hutuma mahali kwa bando. Kitufe cha SOS hushikiliwa sekunde chache, nayo huzunguka namba ulizoandika moja moja. Ikiwa inapiga wa kwanza na kuishia kwenye sauti ya kuacha ujumbe, saa inadhani amepokea. Zima huduma hiyo kwenye laini yako. Na badilisha neno la siri lililotoka nalo kiwandani. Saa nyingi za aina hii huja na 123456, na anayelijua neno hilo na namba ya laini anaweza kuiamuru kwa SMS tu. Mtoto pia ajue 116, laini ya Sauti ya watoto, ambayo haitozi.

Haikuwa mkononi

Nimefika mwisho wa kurudi nyuma. Mama alikuwa akiivua kila anapotawadha, mara tano kwa siku, akiiweka juu ya tangi la maji, na pale pale kwenye bomba ndipo palipo na utelezi. Siku ile aliyoanguka aliivaa kwa bahati, kwa kuwa alikwenda kufua tu.

Apple Watch kuanzia Series 2, na Galaxy zote za miaka ya karibuni, huvumilia maji, hivyo kutawadha hakuziharibu. Sabuni ndiyo isizizoee. Tulikubaliana hivi: anafungua mkanda tundu moja, anaisogeza juu maji yafike ngozini, anaosha, anaifuta kwa upindo wa leso, anaikaza. Amesema kwa siku za kwanza alihisi kama amevaa viatu msikitini. Sasa haioni.

Chaji ilibaki. Usiku hapana, kwa sababu huamka kwenda chooni gizani. Asubuhi hapana, yuko shambani. Tulichagua baada ya Alasiri, anapokaa kwenye mkeka barazani na wajukuu wanaandika kazi za shule. Saa inachajiwa pale pale mbele yake, na mjukuu mkubwa ndiye anayemfunga tena kabla adhana ya Magharibi haijalia. Umeme ukikatika saa hizo, kuna betri ya akiba ndani ya kikapu cha uzi, na kila Ijumaa nikienda Bombo naishika kwanza kuona kama imejaa.